Mbwa Aliyesahau Vikopo

Mufindi,
Alhamisi, mwezi wa Rajabu

Kwa dada yangu Mwanaidi, Mbegani.

Shikamoo dada yangu. Nakuamkia kutoka huku kwenye baridi, nikitumai barua hii imekukuta mzima pamoja na shemeji na wapwa zangu, na kwamba lile goti lako siku hizi linakuacha usujudu bila kuguna. Ukiniuliza mimi, mwili hauna neno, nakula na kulala. Ila moyo, dada, sina la kukuficha. Umechoka mpaka naogopa kuusikiliza.

Kabla ya yote nakuomba barua hii isisomwe barazani. Nitampa Salehe akishuka kesho kutoka Mbeya, aitie mkononi mwako wewe mwenyewe, nawe uipeleke kwa jirani yako Bi Tatu, mwalimu wa wasichana, akusomee chumbani. Nimeiandika kwa herufi za Kiarabu ili aisome bila taabu. Bi Tatu, shikamoo na wewe mama, na unisamehe kwa maneno yatakayopita mdomoni mwako. Ile barua iliyopita niliiandika kwa herufi za kizungu, ndizo mkono wangu ulizozizoea huku, ikakubidi uipeleke kwa mjomba Mwinyimvua kwa kuwa yeye alikuwa karani wa forodha na anazijua. Kosa lilikuwa langu. Nimekaa mbali miaka minne, nikasahau kwamba kwetu barua ya mtu wa mbali ni mali ya mtaa mzima, inafunguliwa baada ya sala ya alasiri na kila mwenye masikio anakaribishwa. Niliandika kana kwamba nakunong'oneza wewe, kumbe nilikuwa nahutubia.

Salehe alifika juzi Jumanne. Unajua yeye sasa ni utingo wa lori la chumvi na samaki wakavu wa ng'onda linalopanda mpaka Mbeya, na kila akipita hapa hupiga honi mara mbili, nami hushuka mbio mpaka barabarani. Nilishuka nikicheka. Nilidhani mmenitumia kashata, au walau habari njema. Nikamwona amesimama kando ya lori, kifurushi kwapani, naye hanitazami. Hakunipa mkononi. Alikiweka juu ya majani katikati yetu, akarudi nyuma hatua moja.

"Kaka Shomari, mimi ni mjumbe, na mjumbe hauawi," akasema.

"Nani kakutuma?"

"Mjomba wako. Kasema nikurudishie kama ilivyo."

Ilikuwa ile doti ya khanga niliyompelekea mama pamoja na barua. Nilikuwa nimeishona ndani ya kitambaa cha amerikani kwa mkono wangu, na nyuzi zangu zilikuwa palepale, haukukatwa hata mmoja. Basi mama hata hakuonyeshwa. Nilisimama pale naangalia nyuzi zangu mwenyewe, dereva ananiita nipokee mfuko wa chumvi wa jikoni, nami sisikii.

Salehe akanieleza yote. Kwamba mjomba alivaa miwani, akasoma salamu zangu kwa ile sauti yake ya kusomea maulidi, na watu wakaitikia kila jina lilipotajwa. Kwamba wewe ulikuwa umesimama nyuma ya mlango wa ukumbini unasikiliza. Kwamba alipofika mahali fulani alinyamaza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mtu mmoja akasema, "Endelea, Mwinyi, tunasikia." Naye akaendelea. Maneno yenyewe nayakumbuka, kwa sababu niliyaandika mara tatu kwenye karatasi ya majaribio kabla ya kuyatia kwenye barua: "Dada, msimfungie mama. Mchezeeni akili yake kila siku, kama mimi ninavyomfanyia yule mbwa mzee ninayemtunza hapa."

Salehe anasema watu walisema astaghfirullah kwa pamoja, kama vile imamu kakosea rakaa. Mjomba akaikunja barua, akaitia chini ya mkeka, akasema, "Aliyemfananisha mama yake na mbwa hana mama. Na nyumba hii asiikanyage." Kisha akaagiza kahawa.

Wewe hukusema kitu, Salehe kaniambia hivyo pia. Sikulaumu. Ungesema nini mbele ya wanaume wale, tena kwa habari uliyokuwa unaisikia kwa mara ya kwanza? Miaka yote minne nilikuandikia kwamba mimi ni mtunza bustani. Nilitaja mpaka majina ya maua. Kweli ni kwamba maua ya hapa yana mtu wake, na mimi kazi yangu ni mbwa. Nilificha kwa sababu nilijua mtoto wa nyumba yetu, aliyehitimu msahafu, hawezi kurudi Mbegani akasema anaishi na mbwa. Siri hiyo niliitunza vizuri mpaka siku niliyodhani ina manufaa kwa mama. Nikaitoa mwenyewe, wala hakuna aliyenilazimisha.

Na kwa kuwa nimeshaharibu, acha nikueleze yote, maana mlisikia nusu tu.

Bibi wa hapa ni mjane wa Kizungu. Mumewe alilima chai akafa, watoto wako kwao Ulaya, yeye kabaki na nyumba kubwa ya mawe na mbwa watatu. Mimi siwapikii mbwa hao, anayewapikia ni mpishi, mzee mmoja wa Kikinga aitwaye Lutengano. Wala siwalindi, wao ndio wanaotulinda sisi. Kazi yangu ni kucheza nao. Cheka, dada, hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Mtu mzima, mvi zimeingia kidevuni, anaamka asubuhi kwenda kucheza. Nilidhani nitarusha mpira nao wakimbie. Bibi akanikatalia kwa kile Kiswahili chake cha mashambani: "Kimbia nachosha guu tu. Mimi nataka wewe chosha kichwa. Mbwa hapana fikiri, yeye kufa kabla ya kufa."

Basi akanifundisha. Unaficha kipande cha nyama kavu bustanini, mbwa anakitafuta kwa pua, na kila siku unakificha mbali zaidi. Unachukua gogo, unalitoboa matundu, unashindilia nyama ndani, naye anakaa saa nzima anafikiri namna ya kuitoa. Unamfundisha majina ya vitu, kiatu, fimbo, kikapu, ukisema "Lete kikapu" anakwenda ndani anakileta kikapu, si kiatu. Na mchezo mkubwa kuliko yote ni wa vikopo vitatu vya bati. Unavifunika chini, kimoja kina nyama, unavizungusha mbele ya macho yake, kisha unasema "Haya." Anagusa kimoja kwa mguu. Akikosea, hapati kitu na mnaanza tena. Mbwa aliyecheza hivyo nusu saa analala kama mtu aliyetoka kulima.

Usidhani niliacha dini huku. Kila nikiguswa na mate yao nanawa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Nina kopo la udongo mkavu nyuma ya jiko. Maji ya huku asubuhi yanauma mpaka kwenye mfupa, na mzee Lutengano husimama mlangoni kunihesabia kwa sauti: "Tano! Bado mbili, bwana shehe!" Ananidhihaki, lakini hajapata kukosea hesabu.

Mkubwa wa mbwa hao anaitwa Kapteni. Nilipokuja alikuwa hodari kuliko wenzake, vikopo vitatu kwake vilikuwa mchezo wa kitoto. Mwaka jana akaanza mambo. Nilimkuta amesimama kwenye kona ya ukumbi, uso ukutani, kama mtu aliyeambiwa asubiri hapo. Akitaka kutoka alikwenda upande wa bawaba badala ya upande unaofunguka, akangoja mlango umfungukie pale. Alikula, na baada ya muda mfupi akaja kukaa mbele ya sahani yake tupu ananitazama kwa lawama. Bibi aliona, akaniita. "Shomari, kichwa ya Kapteni nataka kulala. Wewe hapana ruhusu. Cheza na yeye kila siku, asubuhi na alasiri."

Nikamwanza upya, kikopo kimoja. Kisha viwili. Ilichukua mwezi mzima kufika vitatu, na siku alipogusa kile chenyewe nilipiga makofi peke yangu bustanini. Macho yake yalikuwa yamerudi, dada. Naapa yalikuwa yamerudi.

Ndipo ikafika barua yako, ile uliyomwandikisha Bi Tatu. Uliniambia mama anakuita kwa jina la marehemu shangazi. Kwamba anakula, kisha anawaambia majirani kwamba anashindishwa na njaa. Kwamba anadai arudishwe kwao Mkange, na siku moja alitoka na ndoo akaenda, na yeye ambaye angeweza kwenda Mkange akiwa amefumba macho, akageukia kusini, mkamkuta njia ya Mapinga, miguu imechanika. Kwamba tangu hapo mmetia komeo kwa nje. Niliisoma nimekaa juu ya kizingiti cha jiko, na nilipofika kwenye komeo nikainua macho, nikamwona Kapteni amesimama upande wa bawaba.

Nifanyeje? Ningekuwa nimejifunza kwa mganga ningesema kwa mganga. Ningejifunza kwa mwanachuoni ningesema hivyo, na mjomba angeniombea dua. Nilichokuwa nacho ni kile nilichokiona kwa macho yangu, na nilikiona kwa mbwa.

Tena lipo jambo linaloniuma kuliko doti iliyorudishwa. Nilipokuja likizo, mwaka juzi, tulikaa ukumbini baada ya chakula cha mchana, mama anasuka ukili wa mkeka. Akasema, "Kitendawili." Nikasema, "Tega." Akasema, "Kuku wangu katagia miibani." Nikamjibu nanasi, akacheka. Tukazungumza mengine. Akasema, "Kitendawili," akatega kilekile. Nikajibu. Alipokitega mara ya tatu nilimwambia, "Mama, umezeeka, umeishiwa vitendawili," nikacheka, nikajinyosha nilale. Nawe ulicheka. Akanyamaza. Mama huyo ambaye mtaa mzima ulimwogopa kwa vitendawili, watu wazima walilipa miji kwake mpaka wakaishiwa, alinyamaza na kuendelea kusuka. Mimi, ninayelishwa kwa kutambua mbwa anaanza kupotewa na akili, sikumtambua mama yangu ameketi hatua mbili kutoka kwangu. Nilimcheka usoni. Labda alikuwa anajua. Labda alitega mara ya tatu kwa sababu alikuwa ameshika hicho kimoja tu na hakutaka kimponyoke.

Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba mumchezee, nilikuwa na maana mumtegee vitendawili kila siku, vya zamani, mumpe ukili, mumfichie tasbihi yake mahali karibu aione mwenyewe, mumwulize majina ya watu wa Mkange. Yote hayo niliyaandika kwenye ukurasa wa pili. Salehe anasema ukurasa wa pili haukusomwa.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nisilale, na Bi Tatu soma polepole hapa. Hata huo ukurasa wa pili haukuwa dawa.

Jumapili iliyopita nilivipanga vikopo mbele ya Kapteni kama kawaida. Akavitazama. Akapita juu yake kama anapita juu ya mawe, kimoja kikabingirika. Nikamrudisha. Nikavipunguza, viwili, kimoja. Nikakiinua hicho kimoja nikamwonyesha nyama ilipo, akautazama mkono wangu, nyama hakuiona. Nikamwita jina lake, hakugeuka. Nikamgusa shingoni, akageuka na kunikoromea, dada, meno yote nje, mimi niliyecheza naye kila asubuhi kwa miaka minne. Nilikaa chini kwenye majani nikalia. Mzee Lutengano alikuja mbio akidhani nimeumwa, alipoona sina jeraha akacheka, "Mwislamu analilia mbwa!" Sikumlilia mbwa mimi. Nilimlilia mama, na tangu Salehe afike najililia mwenyewe pia, maana nimeuza jina langu Mbegani kwa dawa isiyoponya.

Niseme wazi, nimekata tamaa. Si ile ya kusema ili mtu akubembeleze. Mchezo unachelewesha tu. Unampa siku chache, pengine miezi, halafu lile lililokuwa linakuja linakuja. Ningekuwa sikuandika, mama angebaki kama alivyo, na mimi ningebaki na nyumba ya kurudi.

Jumatatu Kapteni alinikaribia taratibu, akaninusa viatu, mikono, magoti, kama anavyonusa mgeni aliyeshuka kwenye gari. Mchana akawa amenikubali, akala mkononi mwangu. Jumanne akaanza tena, viatu, mikono, magoti. Jana hivyo, na leo hivyo. Kila asubuhi mimi ni mtu mpya kwake na kila alasiri tumejuana, kisha analala, na kujuana kwetu kunakwenda na usingizi. Vikopo nimeviweka kabatini.

Jana bibi aliniita verandani. Akasema Jumatatu ijayo bwana wa shamba la jirani atakuja na bunduki. "Wewe shika Kapteni," akaniambia. "Yeye hapana ogopa wewe." Nikamwambia, "Memsahib, siwezi." Miaka minne sijapata kumkatalia neno. Nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani, niondoke Jumapili. Akanitazama, macho mekundu, naye pia alikuwa amelia, nadhani.

"Wewe nakwenda kwa mama?"

"Ndiyo, memsahib."

"Mama najua wewe?"

Akanipa ruhusa ya majuma matatu na sweta la marehemu mumewe, kana kwamba Mbegani kuna baridi.

Nimefikiri sana, nikaona huku wakichoka nao wanaleta bunduki na kwetu tukichoka tunatia komeo. Nisamehe, hayo ni maneno ya uchungu. Najua wewe ndiye uliyembeba, ndiye unayemwogesha na kumlisha, na mimi niko huku nacheza. Mtu aliye mbali ana ushauri mwingi.

Jibu la swali la bibi nilishalipata kwa Salehe, ila sikuthubutu kumtamkia. Nilimwuliza, pale barabarani, baada ya yote, "Mama ulimwona?" Akasema alimwona, mlikuwa mmemtoa ukumbini, anasuka. Akamwamkia, akamwambia, "Bibi, nakwenda huko aliko Shomari." Mama akamwuliza, "Shomari gani?" Salehe akasema, "Mwanao, bibi." Basi mama akaweka ukili chini, akakasirika, akasema, "Bado yuko majini mtoto yule? Mwambieni atoke, jua limeshapanda, atapata homa."

Salehe alinieleza hivyo akidhani ananifurahisha, kwamba mama ananikumbuka. Na ni kweli anamkumbuka Shomari. Ana miaka saba, anaogelea pale ufukweni nyuma ya nyumba, na mama anamngoja atoke. Mimi nikija, mwanamume mwenye mvi na sweta la Mzungu, nitamwambia nini? Nikisema ndimi Shomari, nitakuwa nimemnyang'anya mtoto wake, na badala yake nimempa mtu asiyemjua. Nimelifikiri hilo siku mbili hizi mpaka kichwa kinaniuma.

Hata hivyo nakuja. Nitafika Ijumaa ya wiki ijayo, lori likijaaliwa. Nitakwenda kwanza barazani, palepale, alasiri, mbele ya watu walewale, nimwombe mjomba radhi kwa sauti. Nitamwambia nilikosea kulitaja jina la mama na jina la mnyama katika mstari mmoja, na hilo ni kosa kweli, sitabishana naye. Akitaka nitubu kwa maneno atakayoyachagua yeye, nitayasema kama alivyoyachagua. Akinikatalia nyumba, nitalala msikitini, na mchana nitasimama mlango wa uani. Huo mlango mjomba hakuutaja.

Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie asione haya kujitenga nami kwa sababu ya watu, nitaelewa. Wasalimie wapwa zangu wote wanne. Msalimie Bi Tatu, ingawa anajisalimia mwenyewe hapa. Mjomba Mwinyimvua, ndugu wa pekee wa mama yetu, mpelekee shikamoo yangu, na asipoitikia niitikie wewe kwa niaba yake.

Mama usimfikishie salamu zangu. Usimwambie Shomari anakuja, wala nikifika usimwambie huyu ndiye mwanao. Mwambie tu Ijumaa kuna mgeni anakuja kutoka mbali. Mfungulie komeo mapema, avae vizuri, akae pale ukumbini. Nitabisha hodi kama mtu yeyote, na Jumamosi nitabisha tena, na Jumapili tena, mpaka ruhusa yangu iishe. Mama atanikaribisha kila siku. Yeye hajapata kumwuliza mgeni jina kabla mgeni hajashiba.

Ni mimi mdogo wako,
Shomari